Droni Nairobi: kanuni iliyofunga jiji bila kukusudia

Kanuni za Kenya zinakataza kurusha droni ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja mkubwa wa ndege bila idhini maalum. Chukua ramani ya Nairobi na bikari. Weka ncha kwenye Uwanja wa Ndege wa Wilson, uchore duara lenye nusukipenyo cha kilomita 10. Chora jingine ukianzia Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na la tatu kutoka Kambi ya Wanahewa ya Moi pale Eastleigh. Kisha tafuta mahali ambapo mtu mwenye droni ndogo ya kamera anaweza kuirusha bila kuomba idhini maalum. Utabaki na pembezoni tu: Karen, Kahawa, sehemu za Ruai. Jumba la mikutano la KICC, katikati ya jiji, liko chini ya kilomita 4 kutoka Wilson. Westlands imo ndani, Kibera imo, Kawangware imo, Mathare imo, Kasarani imo, Embakasi imo.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Duara moja la namna hiyo lina kilomita za mraba 314. Kaunti nzima ya Nairobi ina takriban 696, na 117 kati ya hizo ni mbuga ya wanyama, ambako kurusha droni kunahitaji ruhusa nyingine kabisa. Hata Wilson ukiihesabia ile kilomita 7 inayowekewa viwanja vidogo, bado katikati ya jiji na Westlands havitoki.

Hapo ndipo mjadala wa droni nchini unapokosewa. Video ya jiji kutoka angani ikisambaa, wapo wanaouliza aliyeirekodi ana leseni gani, na wapo wanaodai serikali inawanyonga vijana. Wote wawili wanazungumza kana kwamba tatizo ni tabia ya mtu: rubani mkaidi au afisa mkaidi. Mimi naona tatizo ni umbo la ile miduara.

Kanuni tulizo nazo ni za 2020. Zile za kwanza, za 2017, Bunge lilizibatilisha mwaka uliofuata, na kwa miaka miwili nchi ikawa haina utaratibu wowote wa maana kwa raia wa kawaida. Hizi za 2020 zilikuwa hatua kubwa, na wanaozilaani husahau hilo. Zimepanga matumizi kwa madaraja matatu kulingana na hatari. Zimeweka ukomo wa futi 400 kutoka ardhini, umbali wa mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika, na sharti la rubani kukiona chombo chake kwa macho wakati wote. Kwa mtu anayepima shamba Laikipia au anayenyunyizia dawa mazao Uasin Gishu, ni kanuni zinazoeleweka na kufuatika. Ugumu huanza unapoingia jijini.

Nianze na hoja ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, kwa sababu ni nzito. Wilson si uwanja wa kawaida. Hapo ndipo zinapoondoka ndege za watalii kwenda Mara na Amboseli, ndege za mizigo kwenda kaskazini na Somalia, ndege za wanafunzi wa urubani, na zile za Flying Doctors zinazokwenda kuchukua wagonjwa mahututi. Mnamo Machi 2024 ndege ya abiria iliyokuwa imetoka tu Wilson iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Mwanafunzi na mkufunzi wake waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Zote mbili zilikuwa na redio, zote zilikuwa na marubani wenye leseni. Mwongoza ndege aliyeyashuhudia hayo, ukimwambia uongeze angani vifaa vya nusu kilo visivyo na redio na asivyoweza kuviona kwenye rada, atakuuliza una akili timamu. Na jiji hili limepitia mashambulizi ya kigaidi ya Westgate mwaka 2013 na DusitD2 mwaka 2019. Anayelinda Ikulu hawezi kuambiwa apuuze kamera inayoelea juu ya ua wake.

Hayo yote nayakubali. Lakini tazama pia ni nani anayelipa gharama ya duara la kilomita 10.

Kampuni kubwa ya ujenzi au ya filamu hailipi. Ina karani wa kufuatilia barua, ina muda wa kusubiri, ina leseni ya uendeshaji, na gharama zote zinaingizwa kwenye bili ya mteja. Anayelipa ni mpiga picha wa harusi aliyetafutwa Jumatano kwa kazi ya Jumamosi. Ni kijana anayepiga picha za nyumba za kupangisha Kilimani, ambaye malipo ya kazi nzima hayafiki gharama ya kufuatilia idhini moja. Huyu ana njia mbili tu: aache kazi, au airushe kimya kimya dakika 5, aishushe na kuondoka.

Wengi huchagua hiyo ya pili, na matokeo yake ndiyo yanayonikera kuliko yote. Asiyeomba ruhusa hasajili droni yake pia, kwa sababu kujisajili ni kujitangaza. Asiyejisajili haendi kusomea urubani, hajui upepo wa jioni unavuma vipi kati ya maghorofa ya Upper Hill, wala hajui helikopta ya hospitali hupita upande gani. Akipoteza droni juu ya paa la mtu, hataripoti. KCAA inabaki na rejista isiyoonyesha kinachoruka, na mwongoza ndege wa Wilson, ambaye kanuni iliwekwa kwa ajili yake, anajua machache zaidi kuhusu anga yake kuliko ambavyo angejua kama mlango wa kuomba ungekuwa mwepesi. Yule mmoja aliyefuata sheria hatua kwa hatua, akalipia mafunzo na kungoja leseni, anashindwa bei na wote ambao hawakufanya lolote.

Je, usalama wenyewe unadai kilomita 10 kila upande? Ndege ya abiria hushuka kwa mteremko wa digrii 3 hivi. Kwa hesabu hiyo, ikiwa kilomita 10 kutoka njia ya kutua huwa juu kwa takriban mita 520. Droni halali haizidi futi 400, yaani mita 122. Isitoshe, huo ni mstari wa kutua wenyewe. Pembeni mwa njia ndege hiyo haipiti kabisa ikitua. Duara linachukulia kwamba ndege hutua kutoka kila upande, kumbe njia ya kurukia ina ncha mbili.

Waingereza walilifikiria hili wakiwa na kila sababu ya kukasirika. Desemba 2018 taarifa za droni zilifunga uwanja wa Gatwick na kuvuruga takriban safari 1,000 siku chache kabla ya Krismasi. Walipobadilisha sheria Machi 2019 waliikaza kweli, lakini kwa umbo lingine: duara la maili 2 hadi 2.5 za baharini, kati ya kilomita 3.7 na 4.6, likiongezewa mapande ya kilomita 5 kwa 1 kwenye ncha za njia za kurukia. Marekani nayo imeigawa anga inayozunguka viwanja kwa miraba. Kila mraba una ukomo wake wa urefu: mmoja futi 0, mwingine 100, mwingine 400, na anayeomba chini ya kiwango hicho hujibiwa kwenye simu papo hapo.

Mtu wa Wilson atanijibu kwamba ndege zake hazishuki zote kwa digrii 3. Ndege ndogo hukata kona mapema, helikopta hupita chini kokote, na ya polisi haina ratiba. Ni kweli, na ndiyo maana sidai miduara ifutwe. Kwa kipimo cha Uingereza, Westlands, Kawangware na Kasarani zingefunguka, ila katikati ya jiji kungebaki kufungwa kwa sehemu kubwa, na hilo ni sawa. Mathare ingebaki ndani, kwa kuwa iko kama kilomita 2 tu kutoka Eastleigh.

Mathare hiyo ndiyo inayonifanya niupende mfumo wa miraba zaidi. Mto ulipovunja kingo wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, waliohitaji kujua maji yamefika wapi walikuwa wakazi. Dar es Salaam, kwenye mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata kama Tandale walichora mitaa na mifereji yao, wakitumia pia picha za droni, ili ijulikane nyumba zipi zitafurika. Kazi kama hiyo Mathare haihitaji futi 400. Futi 100 zinatosha kupata picha safi ya mapaa na kingo za mto, tena chini sana ya pale ndege inapopita.

Ikulu ibaki imefungwa, na Eastleigh iamuliwe na wanajeshi wenyewe. Kwa maeneo mengine, KCAA ichapishe ramani ya miraba inayoonyesha urefu unaoruhusiwa kila mtaa, na ombi lililo chini ya urefu huo lijibiwe siku hiyo hiyo. Mtu wa kwanza kufaidika atakuwa mwongoza ndege wa Wilson, atakayekuwa na orodha ya nani anarusha nini, wapi, na saa ngapi.