Usingizi wa imani uko Vihiga na uko Manchester

Kila nikipiga simu nyumbani lazima mtu aniulize kama bado naenda kanisa, na anauliza na ile sauti ya kumwambia mgonjwa pole. Watu wetu wa Vihiga wanaamini majuu ndiko imani inaendea kufa na ocha ndiko Mungu ako karibu. Nimekaa huku Manchester miaka ya kutosha na mimi hiyo maneno nakataa. Mtu anaweza kulala kiroho akiwa Mbale yetu ya Vihiga, kilomita chache tu kutoka Kaimosi kwenyewe ambako kanisa letu lilianzia, na anaweza kukua akiwa huku kwa baridi akifanya shifti za usiku.

Mimi nimezaliwa kanisa la Friends, hawa wanaitwa Quakers. Wamarekani watatu walifungua misheni Kaimosi mwaka wa 1902, na leo Kenya ndiyo iko na Quakers wengi kushinda nchi yoyote duniani, wengi wao huko kwetu Magharibi. Hao Wamarekani walitoka upande wa Quakers ambao ulikuwa ushazoea nyimbo na mahubiri na pasta, ndiyo maana sisi tunaabudu vile tunaabudu. Lakini chanzo ni huku England, miaka ya 1650 wakati George Fox alikuwa anazunguka vijiji vya kaskazini akihubiri, na Quakers wa huku mpaka leo wanaabudu kwa kimya.

Kimya kabisa. Saa nne na nusu watu wanaingia, wanaketi kwa viti vilivyopangwa duara, hakuna pasta mbele, hakuna kinanda, hakuna ngoma, unasikia tu hita ikigonga na mtu akikohoa. Lisaa limoja linaweza kuisha bila mtu yeyote kuinuka kusema neno, halafu wazee wawili wanapeana mkono na ibada imeisha, mnaenda chai. Mara ya kwanza nilihisi niko uchi. Huko nyumbani mtu akiwa hana la kumwambia Mungu kwaya inamsemea, lakini hapa ni wewe na Yeye, na kama hamjaongea tangu Jumatatu utajua haraka sana.

Sasa msinielewe vibaya, ibada ya nyumbani naipenda na naikosa sana. Baada ya sadaka ule mkungu wa ndizi unapigwa mnada, kuku anainuliwa juu miguu imefungwa, mzee anaongeza shilingi hamsini, mama mwingine naye anaongeza, vigelegele, halafu aliyeshinda anamrudishia kuku yule mjane aliyemleta. Hiyo ni injili kabisa. Shida ni kwamba ukiwa ndani ya hiyo raha, kanisa limejaa, umevaa vizuri, uko kwa kamati ya ujenzi na mabati yashafika, unaweza kumaliza miaka mingi bila mtu kugundua hujafungua Biblia yako nyumbani hata siku moja. Waebrania sura ya 5 inaongea na watu kama hao, wa kitambo, ambao kwa wakati huu wangekuwa walimu na bado wanataka maziwa.

Na kimya cha huku pia kinalaza. Wengi kati ya hawa Quakers wa huku hawajiiti hata Wakristo siku hizi, wanakuja kutulia, na mtu anaweza kutulia hivyo mpaka uzeeni bila kumtaja Yesu, na hiyo inaniuma kusema kwa sababu ni watu wazuri na wamenipokea vizuri. Sisi wahamiaji nasi tuna yetu: ukipata makaratasi, gari, nyumba ya mkopo, unaanza kuomba kidogo kidogo kwa sababu hakuna kitu kinakusukuma. Laodikia ilikuwa hivyo. Ule mji ulibomolewa na tetemeko mwaka wa 60 hivi, ukajijenga kwa pesa yake bila kusaidiwa na Roma, na ukisoma Ufunuo 3 unaona kanisa la hapo lilikuwa linaongea hivyo hivyo, sisi ni matajiri, hatuna haja ya kitu.

Kwangu mimi, imani inalala pale ambapo hakuna mtu anakuuliza kitu. Quakers wa huku wako na desturi tangu karne ya 17 ya kusomewa maswali, kama unaishi kwa ukweli, unatumiaje mali yako, na mtu anaenda nayo nyumbani. Huko kwetu ndugu wa ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika mpaka Nyanza, walikuwa wanaulizana uso kwa uso, ndugu unaendeleaje na Bwana, na hawakukubali jibu la niko sawa, ulisema dhambi yako ukaombewa hapo hapo. Hiyo ndiyo tumeacha pande zote mbili, tumebaki na salamu tu.

Kwa hivyo mimi na jamaa mmoja wa Chavakali ambaye ako Leeds, na dada mmoja aliyebaki Majengo, Alhamisi usiku tunapigiana. Tunasoma sura moja, saa hizi tuko Wafilipi, halafu kila mtu anaulizwa. Wiki iliyopita dada aliniuliza kama nimeongea na kaka yangu kuhusu ile mpaka ya shamba, nikasema bado. Akasema Alhamisi ataniuliza tena.