Kikoi Kilibaki Chini

Najua mshasikia. Ile sauti aliyoirekodi rafiki yangu (mwenyewe anajijua, na mia tatu yangu hajalipa) imefika hadi Mambrui, maana shangazi amenipigia kutoka huko asubuhi kuniuliza kama ni kweli nilikimbia uchi mpaka baharini. Basi nisikizeni mimi mwenye msiba. Kwanza, sikuwa uchi. Pili, sikukimbia. Ningekimbiaje na miguu yote miwili imenaswa kwenye pampu?

Baskeli mnaijua, nimewasumbua nayo wiki nzima. Ile nyepesi, ya tairi nyembamba, ya mashindano. Niliinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Siku ya kunikabidhi alinishika bega, akazungusha vidole viwili hewani kama mtu afunguaye kichupa cha marashi, akasema, "Prima svita, eh? Svita!" Sasa mimi Kitaliano najidai nakijua, kama kila mtoto wa Malindi aliyewahi kuuza hata dafu moja ufuoni. Nikasikia "vita". Na vita, kwao, ni maisha. Nikamjibu kwa madaha, "Sì, sì, bella vita!" Akanitazama kidogo, akacheka, akaenda zake. Hilo liwekeni pembeni, tutalirudia.

Ijumaa baada ya Alasiri nikaitoa baskeli barazani, hapa kwetu Shela, Malindi. Nilikuwa nimeshatangaza kwamba Jumamosi naenda nayo Watamu na kurudi kabla jua halijawa kali. Tairi ya nyuma imelala. Si neno, nikaenda kuazima pampu kwa jirani anayekodisha baskeli, ile ya kusimama, yenye mpini mrefu, geji, na mabawa mawili chini ya kukanyagia. Fundi alitaka kuja nami. Nikamwambia asijisumbue. Mji huu ndio uliompa Vasco da Gama rubani wa kumfikisha India mwaka 1498, na Vasco akakubali kuelekezwa. Mimi nikakataa.

Mdomo wa pampu una matundu mawili. Nikachomeka lile kubwa, upepo wote ukanirudia usoni. Nikahamia dogo, nikainua kile kijiti cha kubania, ikashika barabara. Nikasukuma mara moja: mshale ukaruka hadi 80. Mara ya pili ukapita 120 na mpini ukawa mgumu kama nasukuma ukuta wa msikiti. Nikatangaza, "Ishajaa!"

Mzee mmoja akanyoosha mkono bila hata kuinuka, akaibonyeza tairi. Laini kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi.

Hapo baraza likageuka gereji. Mmoja akasema washa ya pampu imekauka. Tukaitia mafuta ya nazi. (Jirani, ile harufu ndiyo hiyo. Nisamehe.) Mwingine akasema ni pancha. Tukaitoa tyubu, tukaitia kwenye beseni la maji, tukainama watu wazima sita kusubiri mapovu. Povu hata moja. Tukaafikiana kwa kauli moja kwamba haina pancha. Sikilizeni lakini: tyubu haikuwa na hata pumzi moja ndani yake. Mapovu yangetoka wapi? Na katika sita sisi, wawili ni walimu.

Tukairudisha. Kijana wa bodaboda akasema tuijaribu pampu kwenye pikipiki yake. Tundu kubwa, ikajaza vizuri kabisa. Mwenye akili hapo angejua pampu ni nzima na ubaya uko kwenye vali, pale upepo unapoingilia kwenye tyubu. Mimi nikasema, "Basi hii ya mashindano inataka nguvu."

Haya. Sasa twendeni polepole.

Nilikuwa nimevaa kikoi. Kikoi mtu hukikunja kiunoni mara mbili tatu kikashika. Mimi, kwa kuwa nilitoka nyumbani mbio, nilikuwa nimekikunja mara moja. Nikakanyaga mabawa ya pampu. Nikashika mpini. Nikachuchumaa hadi magoti yakakaribia masikio, ili nipate nguvu za kutosha, na upindo wa kikoi ukashuka ukatandaa juu ya yale mabawa. Nikaona miguu inateleza kwa ajili ya yale mafuta ya nazi. Nikaiinua kidogo, mmoja baada ya mwingine, nikakanyaga upya, imara. Nilichokikanyaga ni kikoi changu mwenyewe.

Wakati huohuo, na hapa ndipo naamini nilikuwa na dhambi ya zamani, madrasa ikatoka. Watoto si chini ya thelathini, kanzu nyeupe na buibui ndogondogo, juzuu kwapani, wote wakasimama kutazama. Mama wa mahamri naye akaacha kijiko hewani. Rafiki yangu akaanza kuhesabu kwa sauti: "Moja! Mbili!"

Kwenye tatu nikasema "Bismillahi" nikainuka na mpini, nguvu zangu zote.

Mimi nikapanda. Kikoi kikabaki chini.

Nilihisi upepo wa bahari kabla sijaelewa unapita wapi. Nashukuru nilikuwa na bukta ndani, ile ya kijani. Mbele haina tatizo. Nyuma ina tundu la ukubwa wa hamri, na baraza lote lilikuwa nyuma yangu. Nikajaribu kupiga hatua. Kikoi kimenifunga vifundo kama kuku wa mnadani. Nikaenda upande, taratibu, kama mnazi ukatwao, huku nimeng'ang'ania mpini nikidhani utanisaidia. Pampu ikaja. Baskeli ikaja. Mama wa mahamri akageuza uso kwa adabu, kisha akaugeuza tena.

Kimya. Halafu kicheko ambacho nasikia kilisikika hadi sokoni.

Nilipokuwa chini nimefunikwa na gurudumu, nikaona viatu vidogo vya plastiki vinanisogelea. Mtoto wa miaka tisa hivi. Akachuchumaa, akaitazama vali. "Shikamoo ami. Ami, hii hamjafungua."

Akaishika kwa vidole viwili ile nati ya shaba iliyo nchani, ndogo kama punje ya mchele, akaizungusha. Vidole viwili, hewani, kama afunguaye kichupa cha marashi. Akaibonyeza kidogo kuizindua, akabandika pampu, akasukuma huku anarukaruka maana uzito hana. Tairi ikajaa mbele ya macho yetu. Kaka yake hufanya kazi palepale nilipoazima pampu. Akanieleza, kwa upole ulioniumiza zaidi ya kuanguka, kwamba vali hizi za Kifaransa zisipolegezwa nati hazipitishi kitu, na kwamba ile 120 niliyokuwa nikiisoma kwa fahari ilikuwa presha ya mpira wa pampu tu.

Nikavaa, nikarudisha pampu, Watamu sikwenda.

Usiku nikamuuliza mtu anayejua Kitaliano cha kweli. Svita: legeza, zungusha ufungue. Prima: kwanza. Yule bwana alinipa somo zima kwa maneno mawili, nami nikamjibu maisha ni matamu.

Leo asubuhi nimepitia mahamri, kichwa chini, nikaomba manne. Mama akayatia kwenye mfuko wa karatasi, akausokota juu vizuri, akanipa. Kisha akaurudisha kwake.

"Hii utaweza kufungua mwenyewe, au nikuitie mtoto?"