Kengele ya Chooni

Mzee mwenye nyumba alikutana na ofa. Duka moja la vifaa vya ujenzi pale Kibaha lilikuwa linamaliza mzigo wa waya wa 1.5, ule wa taa: nunua maroli manne, la tano bure. Sharti moja tu, rangi iliyobaki ni nyekundu. Mzee hakujiuliza mara mbili. Alirudi na maroli yake matano kwenye bodaboda, yadi 100 kila moja, anacheka peke yake njia nzima, akayabwaga miguuni kwa fundi wetu.

"Haya, fundi. Habari ya waya usiniulize tena."

Fundi akayageuza moja moja. "Mzee, hizi zote rangi moja."

"Kwani umeme una macho?"

Mimi na mwenzangu tulikuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Tulisoma umeme wa majumbani kwenye chuo kimoja cha ufundi stadi, jina nalihifadhi kwa sababu cheti changu bado kiko kule. Darasani tuliimbishwa rangi mpaka tukaziota usiku. Za zamani: nyekundu, njano na bluu ni fesi, waya unaoleta umeme; nyeusi ni nyutro, unaourudisha. Za sasa: kahawia, nyeusi na kijivu ndizo fesi, bluu ndiyo nyutro. Yaani nyeusi iliyokuwa mpole imekuwa kali, na bluu iliyokuwa kali imeokoka. Ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, ni kijani yenye njano, hiyo haina mjadala. Mwalimu alitusisitizia kwamba ukikuta nyumba ya zamani imeongezewa chumba kipya, macho yaweke mfukoni, amini mita. Lakini hata yeye hakuwahi kutuambia ufanyeje kwenye nyumba ambayo fesi ni nyekundu, nyutro ni nyekundu, na waya unaotoka swichi kwenda kwenye taa ni nyekundu vilevile.

Fundi alikuwa na ada za watoto zinamsubiri, kwa hiyo falsafa hakuwa na nafasi nayo. Akasema tutavuta hivyo hivyo, ila kila ncha ifungwe kipande cha maski tepu na iandikwe kwa peni. Soketi zilikuwa na waya wake wa 2.5 wa rangi za watu, hizo hazikutusumbua. Tukavuta. Kwenye kila jankshen boksi, kile kiboksi zinamokutania nyaya, kukawa na bendera ndogo nyeupe: SEBULE, JIKO, KORIDO, CHOO WAGENI, KENGELE GETI. Kazi safi, mwenzangu hata aliipiga picha.

Kisha akaja fundi rangi.

Sina ugomvi na mafundi rangi kama kundi. Huyu mmoja tu. Tulirudi Jumatatu tukakuta dari na kuta zinameta kama sahani ya harusi, na bendera zetu zote ziko kwenye ndoo ya takataka. "Vile vikaratasi vilikuwa vinanishikia brashi," alisema, tena kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

Ikabidi tuanze kupiga kontinyuti waya mmoja mmoja. Unashika ncha moja huku, mwenzako anashika nyingine kule, mita ikilia "piii" ndiyo yenyewe. Kazi ya kuchosha, lakini inakwenda. Tukapiga na mega ya volti 500, kile kipimo cha ganda la waya, insulesheni ikasoma vizuri. Chuoni tulikaririshwa ikishuka chini ya megaomu 1 usithubutu kuwasha. Hapa ilikuwa juu sana, na fundi akafurahi. Tatizo la mega ni kwamba inakwambia waya hauvuji. Unakokwenda haikwambii.

Zikabaki ncha mbili kwenye boksi la korido. Moja inakwenda kwenye taa ya choo cha wageni, nyingine kwenye kengele ya sebuleni, ipi ni ipi hatujui. Ungefika kwenye mojawapo tu ungemaliza. Sasa choo cha wageni kilikuwa kimefungwa. Bi Mkubwa alikipiga deki, akaweka sabuni mpya na taulo, akafunga, akafundika ufunguo kwenye pindo la kanga na kuondoka kwenda kusukwa. Kengele nayo ilikuwa imepachikwa juu ya makochi mapya, na makochi yalishatandikwa vile vitambaa vya kufuma. Kupanda pale ni kutangaza vita.

Haraka yote hiyo ilikuwa ya nini? Siku hiyo hiyo walikuwa wanakuja watu wa posa. Mita ya LUKU ilifungwa saa nane mchana, wageni wanatarajiwa baada ya Alasiri, na Mzee alishajigamba kwa wakwe zake kwamba watamkuta kwenye umeme.

"Fundi," nikasema, "tumsubiri Bi Mkubwa na ufunguo."

"Dogo, hapa ni ama hivi, ama vile," akajibu, akaunganisha hivi.

Tukawasha. Sebule ikawaka, vyumba vikawaka, korido ikawaka, Mzee akapiga takbiri. Nikatumwa getini kubonyeza kengele. Nikabonyeza weee, kimya. "Mbovu," fundi akahukumu. "Kengele za bei hii ndivyo zilivyo, kesho tutairudisha dukani." Hiace ya wageni ilikuwa imeshakata kona, hakukuwa na wa kukata rufaa.

Kwa asiyejua kengele zile: ndani mna koili na kijichuma. Ukibonyeza, umeme unakivuta kijichuma kinagonga bati la kwanza, *ding*. Ukiachia, springi inakirudisha kinagonga la pili, *dong*. Kwa hiyo anayebonyeza na kuachia hapohapo anasikika *ding-dong*. Anayebonyeza na kukaa humo dakika kumi, huo ni mchezo mwingine.

Wageni wakala, wakanywa, Maghribi ikaswaliwa, wakakaa sebuleni kwa mazungumzo yenyewe. Mimi, mwenzangu na fundi tulikuwa korido na sahani yetu ya pilau, maana Bi Mkubwa ana roho nzuri. Mshenga, mzee mmoja mwenye kanzu na koti na sauti ya redio, akaanza: "Tumepita njia, tukaona ua zuri limechanua kwenye bustani yenu..."

*Ding.*

Mzee akanyanyuka. "Samahanini, kuna mtu getini." Akatoka. Akarudi. "Hakuna mtu."

"Naam," mshenga akaendelea, "tukasema ua hili, kama wenyewe wataridhia..."

*Dong.*

Mzee akatoka tena, safari hii na tochi. Wakati yuko nje, shangazi wa bwana harusi akapita mbele yetu akitokea chooni, anafuta mikono. "Wanangu," akatuambia kwa upole, "taa ya humo haiwaki. Nimejitahidi hivyo hivyo."

Mwenzangu akaacha kutafuna. Mimi nikamtazama fundi. Fundi akatazama pilau. Swichi ya choo iko nje ya mlango, kama tulivyofundishwa, isikae kwenye maji. Shangazi aliiwasha akiingia, akaizima akitoka.

"Fundi, tulitakiwa tuunganishe vile," nikanong'ona.

"Kula," akasema.

Akaingia mtoto. *Ding*, na *dong* mbiombio. Akaingia mpambe wa mshenga, *ding*, sebule nzima ikanyamaza ikisubiri, *dong*, sebule ikapumua. Hapo watu walishaanza kuelewa, ingawa hakuna aliyekuwa na ubavu wa kusema. Ukiona kina mama wa upande wa bibi harusi wamejifunika mitandio usoni na mabega yanatikisika, ujue hawalii. Mzee ndiye peke yake aliyekuwa bado anakwenda getini.

Sasa pilau ya Bi Mkubwa, pamoja na zile pilipili za kukaanga, ikamfikia mshenga mwenyewe. Akajizuia nusu ya hotuba, kisha akaomba udhuru kwa heshima zote, koti akaliacha kwenye kiti.

*Ding.*

Tukasubiri. Kengele haikusema *dong*. Ikaanza kunguruma: *mmmmmm*. Koili ile imetengenezwa kubeba umeme wa kubonyezwa kidogo, haikutengenezwa kubeba mzee mwenye shughuli. Baada ya muda harufu ya vanishi inayoungua ikaanza kushuka juu ya makochi. Bi Mkubwa akanusa. "Mmeacha kitu jikoni?"

Wakati huohuo baba mdogo wa bwana harusi, aliyechelewa kwa foleni ya Kimara, alikuwa amefika getini na anabonyeza kitufe. Kila akibonyeza, taa ya choo inawaka. Akiachia, giza. Kutoka chooni ikasikika ile sauti ya redio: "Ahsanteni! Umeme umerudi!" Kisha: "Aah, umekatika." Kisha umerudi. Kisha umekatika. Baba mdogo alipoona hafunguliwi, akaegemea kitufe kwa bega zima. Chooni: "Hapohapo! Acheni hapohapo!"

Moshi mwembamba ukatoka kwenye kengele. Mtu akapiga kelele ya moto. Fundi akaruka sahani, akakimbilia mein swichi, akaishusha. Nyumba nzima giza totoro, na kutoka ndani ya giza hilo mshenga akauliza, bila haraka, "Jamani, mmechoka kunisubiri?"

Kurekebisha kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko salamu za kumpokea baba mdogo. Mwenzangu alishika tochi ya simu, mimi nikafungua boksi, ncha mbili zikabadilishana, tepu, kifuniko. Taa ya choo ikawaka, mshenga akatoka kwenye mwanga kamili, amenyooka, akavaa koti lake na kuuliza hotuba iliishia wapi. Mahari wakakubaliana usiku uleule. Nilisikia upande wa bwana harusi ukiomba punguzo kwa ajili ya usumbufu, na upande wa bibi harusi ukijibu kwamba usumbufu uliletwa na mgeni wao mwenyewe.

Kesho yake tulirudi kufunga kengele nyingine. Tulishajiandaa kwa maneno ya Mzee, lakini Mzee alikuwa anagombana na fundi rangi huko uani. Aliyetupokea ni Bi Mkubwa. Akatazama kengele mpya, akatazama mlango wa choo, akafikiri.

"Fundi, hawa watu wa humu ndani wanaacha taa ya choo inawaka usiku kucha, LUKU inaniishia. Haiwezekani ikawaka na ikalia?"

Fundi akaweka bisibisi chini, akatoa daftari.

"Inawezekana, mama. Ila hiyo ni kazi mpya."