Fidia ya wadukuzi: ufunguo ni kitu kimoja, kimya ni kingine

Mei 2021, ndani ya juma moja, taasisi mbili kubwa zilivamiwa na wadukuzi wanaofunga kompyuta za watu na kudai fidia. Tarehe 7 ilikuwa Colonial Pipeline, kampuni ya Marekani ambayo bomba lake husafirisha karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Tarehe 14 ikawa zamu ya HSE, shirika la huduma za afya la Ireland. Kampuni ililipa sarafu 75 za kidijiti za Bitcoin, wakati huo takriban dola milioni 4.4. Ireland ilidaiwa dola milioni 20 na ikakataa kutoa hata senti.

Nani alifanya vyema? Colonial ilipewa programu ya kufungulia mafaili, lakini ilikuwa ya polepole mno hata mafundi wakaendelea kutegemea nakala rudufu walizokuwa nazo. Ireland, iliyokataa, ilipewa ufunguo bure na wahalifu wale wale siku chache baadaye. Hata hivyo ilichukua takriban miezi minne kurejesha seva zake, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi data, huku hospitali zikirudia kalamu na karatasi na wagonjwa wakiahirishiwa miadi. Aliyelipa hakupata alichokitarajia, na aliyekataa hakuepuka hasara.

Nimeanza na visa hivi kwa sababu mjadala wa kupiga marufuku ulipaji wa fidia mara nyingi huendeshwa kana kwamba jibu liko wazi. Haliko wazi.

Wanaotaka marufuku wana hoja nzito. Wizi huu si mpya: mwaka 1989 watu walitumiwa diski kwa posta zilizofunga kompyuta zao, kisha wakatakiwa kupeleka dola 189 kwenye sanduku la posta nchini Panama. Kilichoufanya ukue ni sarafu za kidijiti, zinazovuka mipaka bila kupita benki, na mgawanyo wa kazi uliofuata. Leo kundi moja hutengeneza programu, jingine huikodi na kuvamia nayo, kisha hugawana mapato. Biashara hiyo ina chanzo kimoja tu cha fedha, nacho ni waathiriwa. Hospitali inayolipa leo inagharimia uvamizi wa hospitali nyingine kesho, na huyo wa kesho hakushirikishwa katika uamuzi. Kwa sababu hiyo jimbo la North Carolina, Marekani, lilizikataza taasisi zake za umma kulipa tangu 2021, na Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuzikataza taasisi za umma na waendeshaji wa miundombinu muhimu.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi. Mji wa Atlanta, Marekani, ulidaiwa takriban dola 51,000 mwaka 2018, haukulipa, ukatumia mamilioni kujijenga upya. Baltimore mwaka uliofuata ilidaiwa Bitcoin 13, kiasi cha dola 76,000 hivi, nayo ikakataa. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 18. Hiyo ni miji, yenye hazina na walipa kodi nyuma yake. Kampuni ndogo ambayo orodha ya wateja, madeni na mishahara vyote vimo kwenye seva moja iliyofungwa haina pa kuegemea. Ukiiambia isilipe, umeiambia ifunge milango na wafanyakazi waende nyumbani.

Lipo pia jambo ambalo wapiga marufuku hulipita haraka: usiri. Mwenye kampuni akijua kulipa ni kosa la jinai, bado atalipa, ila atalipa gizani. Mwizi naye atakuwa amepata silaha ya pili, kwani atamtishia kumshtaki kwa kuvunja sheria. Colonial iliwaarifu wapelelezi wa FBI mapema, na mwezi uliofuata wakafanikiwa kurudisha Bitcoin 63.7 kati ya zile 75. Fedha iliyolipwa kwa siri haifuatiliwi na yeyote.

Baada ya kuzipima hoja hizi nimefikia kuamini kwamba pande zote mbili zinatumia neno moja kwa vitu viwili. Tangu mwishoni mwa 2019 wadukuzi hawafungi mafaili tu. Kwanza wanayanakili na kuyahamishia kwao. Kwa hiyo fidia ya siku hizi hununua moja kati ya mambo mawili: ufunguo, au kimya.

Ufunguo unaweza kupimwa. Mwathiriwa huwataka wahalifu wafungue faili moja au mawili kama ushahidi, akaona kwa macho yake kama kuna kitu cha kununua. Ni biashara chafu, lakini kuna bidhaa inayoonekana. Kimya hakipimiki. Unamlipa mwizi ili afute nakala usiyoiona, iliyo mahali usipopajua, na huna njia ya kuhakiki kesho wala baada ya miaka kumi. Maji yakimwagika hayazoleki, na data iliyoibwa ndivyo ilivyo. Februari 2024, polisi wa nchi kadhaa wakiongozwa na Uingereza waliponasa seva za kundi la wadukuzi la LockBit, walikuta humo data za waathiriwa waliokuwa wamekwisha kulipa. Mwezi huo huo Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayoshughulikia malipo ya matibabu, ilivamiwa na kundi jingine, na kampuni mama ikalipa dola milioni 22. Viongozi wa kundi hilo walitoweka na fedha zote bila kumgawia mshirika wao aliyefanya uvamizi. Data zilibaki mikononi mwake, na muda si mrefu kundi la tatu likajitokeza kudai malipo upya. Taarifa za watu takriban milioni 190 ziliguswa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: fedha ya kununua kimya ipigwe marufuku kwa wote, bila ubaguzi. Fedha ya kununua ufunguo ikatazwe kwa taasisi za umma, ilimradi serikali itenge fungu la kuzisaidia kurejea kazini. Kampuni binafsi ziachiwe uamuzi, kwa sharti kwamba ziripoti kabla ya kulipa, si baada.

Najua msimamo huu unamuumiza nani. Mwaka 2022 kampuni ya bima ya afya ya Australia, Medibank, ilikataa kulipa, na wahalifu wakaanika mtandaoni taarifa za matibabu za wateja, zikiwemo za waliotoa mimba na waliotibiwa uraibu. Kumwambia mtu aliyeanikwa hivyo kwamba kampuni ilizingatia kanuni sahihi ni kumwongezea chumvi kwenye kidonda. Lakini tazama Finland mwaka 2020. Kituo cha tiba ya kisaikolojia, Vastaamo, kilikuwa kimeibiwa maelezo ambayo wagonjwa waliwaambia wataalamu wao faraghani, kisha mhalifu akawaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akidai euro 200. Wapo waliolipa. Kumbukumbu zilikuwa zimekwisha vuja.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mjadala wote unaanza pale mwizi alipokwisha ingia. Colonial iliingiliwa kupitia akaunti ya zamani ya kuunganisha kompyuta kutoka mbali, yenye nywila tu bila uthibitisho wa hatua ya pili, kama msimbo unaotumwa kwenye simu. Change Healthcare iliingiliwa kupitia mlango uliokosa kinga hiyo hiyo, miaka mitatu baada ya somo la Colonial. WannaCry, programu ya kufunga kompyuta na kudai fidia, ilipoenea katika nchi zaidi ya 150 mnamo Mei 2017 na kuvuruga hospitali za Uingereza, Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba ufa ule tangu Machi. Sheria inayomwadhibu mlipaji na kumwacha aliyeacha mlango wazi inaona nusu tu ya kosa.

Tena kuna suala la ghala lenyewe. Data isiyohifadhiwa haiibwi, na kampuni nyingi huhifadhi kila kitu kwa sababu tu nafasi ya kuhifadhi ni ya bei nafuu. Kati ya watu milioni 9.7 walioguswa na uvamizi wa Medibank, wapo waliokuwa wamekwisha acha kuwa wateja. Walidhani wameondoka. Hakuna aliyewauliza kama fidia ilipwe au isilipwe, na kabla ya hapo hakuna aliyewauliza kama majina yao yaendelee kukaa humo.