Filta ya Moshi Si Urembo

Juzi asubuhi pale Buguruni, taa ya kijani ilipowaka, dereva wa lori la kontena alikanyaga mafuta na kituo kizima kikapotelea kwenye moshi mweusi. Watoto wa shule wakavuta kola za mashati, wakaziba pua, wakaendelea na stori zao. Wameshazoea. Hilo la kuzoea ndilo limenikera mpaka nikakaa kuandika.

Tuache kusingizia kwamba mafuta yetu ni machafu. Tangu Januari 2015, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwa dizeli ya namna hiyo filta ya moshi, lile kopo la kwenye ekzosi linalonasa masizi, ambalo mafundi huliita DPF, inadumu. Tatizo ni kwamba tunaing'oa.

Peleka gereji gari la dizeli lenye taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi, usikie. "Bosi, hii DPF inakula nguvu tu, tuitoe." Kopo linakatwa, masega ya ndani yanayonasa masizi yanakwanguliwa yote, kisha kopo tupu linachomelewa palepale lionekane zima. Anakuja mwenzake na laptopu, anaifuta filta kwenye kompyuta ya gari. Gari linakuwa jepesi, mteja anashukuru, na masizi yaliyokuwa yanaishia kwenye kopo sasa yanaingia kwenye mapafu ya mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara. Mwaka 2012 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kilitamka wazi kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Mama wa vitumbua anauvuta tangu alfajiri, na hana gari.

Haya, nakubali foleni za Dar zinaiziba filta. Masizi yanahitaji joto kali ili yaungue, na gari linalotambaa kutoka Tabata hadi mjini halilipati. Filta mpya nayo ni ghali. Basi litoe gari barabara ya Kibaha lichanganye mwendo mpaka masizi yaungue, au filta ifunguliwe isafishwe. Malori ya zamani yasiyo na filta yatengenezewe nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini na kubadilishiwa filta ya hewa. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua.

Trafiki wamenikagua matairi, taa, bima, kizimamoto. Moshi, hata siku moja. Kifaa cha kuupima kipo: bomba linaingizwa kwenye ekzosi, dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho mara kadhaa, weusi unasomeka. Kiwekwe Barabara ya Mandela, waanze na malori ya bandarini, na aliyeng'oa filta asiendelee na safari mpaka airudishe.