Kuimba namba si kuhesabu

Katika madarasa mengi ya chekechea, iwe Arua, Busia au viungani mwa Kampala, watoto huimba moja hadi mia bila kukwama, na wazazi hupiga makofi. Hebu mwite mtoto mmoja, mwekee rundo la vifuniko vya soda, umwambie: "Nipe saba." Yupo atakayechota konzi nzima akupe. Yupo atakayehesabu vizuri hadi saba, lakini ukimuuliza "ni vingapi?" anaanza upya: moja, mbili, tatu. Huyo anaujua wimbo. Hajajua bado kwamba neno la mwisho ndilo linalotaja idadi ya vyote, na kumsukuma kuelekea mia ni kumwonea.

Anza na vifuniko vitano. Avisogeze kimoja kimoja kutoka upande huu hadi ule akitaja namba, kisha avizungushie kidole na kusema, "Vyote ni vitano." Vitawanye, uliza tena. Akihesabu upya, rudieni kesho. Akijibu papo hapo, panda hadi saba, halafu kumi. Usikubali ahesabu kwa kuonyesha kidole tu bila kusogeza, maana kidole hukimbia kuliko mdomo na kifuniko kimoja hurukwa. Mchezo wa mweso, ndugu wa bao, hufundisha jambo hilohilo bila mwalimu: mashimo 32, kete 64, na kila shimo hupewa kete moja tu mkono unapopita.

Kifaa bora kuliko vyote ni trei ya mayai. Trei ya mayai 30 ina safu sita za mashimo matano. Ikate vipande vitatu vya safu mbili mbili, kila kipande kina mashimo kumi. Mtoto akijaza saba, anaona tano zimejaa safu ya juu, mbili ziko chini, na matatu yako wazi. Hapo kujumlisha 7 na 5 hakuhitaji vidole: tatu zinaziba mashimo, mbili zinabaki nje, kumi na mbili.

Sasa makumi, na hapa ndipo hesabu za watoto wetu huvunjika. Utaona kwenye madaftari: 34 + 28 = 512. Au 52 − 27 = 35, kwa kuwa mtoto ameona 2 haitoi 7, akageuza akatoa 2 kwenye 7. Si uzembe. Kwake 52 ni tarakimu mbili zilizokaa jirani, kila moja na mambo yake.

Dawa ni vijiti. Kila mtoto alete 30 vyenye urefu wa kalamu, wawili wakae pamoja wawe na 60. Hata darasa la watoto 80 linawezekana hivyo. Wafunge matita ya kumi kumi kwa kamba za mgomba. Wafunge wenyewe! Mwalimu akija na matita yaliyokwisha fungwa, mtoto huliona tita kama kitu kimoja, asijue ndani yake mna kumi. Kwa 52 − 27 waweke matita matano na vijiti viwili. Wanatakiwa kutoa saba, vilivyo huru ni viwili tu, basi wafungue tita moja: matita manne, vijiti 12. Toa saba, vinabaki vitano. Toa matita mawili, yanabaki mawili. 25. Neno "kukopa" ningeliacha kabisa, kwani mkopo hurudishwa na hapa hakuna kinachorudishwa. Semeni "kufungua tita".

Lugha nayo ina mkono wake. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, Kiingereza kishike hatamu baada ya hapo. Katika Kiganda, 20 ni amakumi abiri na 30 ni amakumi asatu. Namba yenyewe inataja matita yake. Kiswahili kinasema wazi kumi na mbili, ila ishirini na thelathini, zilizotoka Kiarabu, zinaficha makumi, kwa hiyo kwa muhula mzima 23 isomwe "makumi mawili na tatu" kabla ya "ishirini na tatu". Nasari zinazoanza na Kiingereza siku ya kwanza zinautupa msaada huu wa bure, halafu zinashangaa mtoto akichanganya thirteen na thirty. Mtajie mojawapo ya hizo mbili, aonyeshe kwa vijiti kabla ya kuandika, na utajua mara moja alichosikia.

Vijiti visiondolewe kwa tarehe ya kalenda. Mtoto achore mstari badala ya tita na nukta badala ya kijiti. Akifanya maswali matatu mfululizo kwa michoro hiyo bila kukosea, aandike tarakimu peke yake. Akikosea, arudishiwe vijiti bila kuaibishwa.