Ziara inayoishia alipochora mstari Mbelgiji

Shemeji yangu wa Mwanza alipita kwetu Lubumbashi, Kongo, wiki jana akielekea Kolwezi kwa mambo yake ya biashara. Mimi nilibanwa na kazi, basi akalipia gari na mtu wa kumtembeza. Jioni tumekaa kwenye bukari (ugali wetu) na sombe (kisamvu), namuuliza ameuonaje mji, ananijibu: "Shemeji, mji wenu mzuri, ila ni mdogo."

Mdogo! Nusura tonge linikwame.

Nikamwambia anitajie alikopelekwa. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Makumbusho. Bustani ya wanyama. Ziwa la kule Golf, mtaa wa wenye nazo, ambako aliuziwa soda kwa bei ambayo huku kwetu unajadili mfuko wa makala, yaani mkaa. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kwa mbali. Uwanja wa Mazembe, timu yetu ya mpira, pale mtaa wa Kamalondo, kupitia kioo cha gari. Basi. Ziara imekwisha, lete pesa.

Hapo kwenye uwanja ndipo paliponichoma. Mtu amefikishwa Kamalondo, ameonyeshwa kuta za uwanja uliofunguliwa 2011, amesimuliwa (na sisi huwa hatuchoki kusimulia) jinsi Kunguru, ndio hao Mazembe, walivyoifunga Internacional ya Brazil mwaka 2010 wakaingia fainali ya dunia ya klabu na Inter Milan. Matokeo ya fainali yenyewe tuyaache. Halafu dereva akageuza gari. Mgeni hakushuka, hakuvuka barabara, hakusalimia mtu hata mmoja wa Kamalondo.

Sasa chukueni ramani mfuatishe njia ya gari lile kwa kidole. Mji huu ulianzishwa 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini, na mwaka uliofuata tanuru la shaba likaanza kuwaka. Muda si mrefu Wabelgiji wakaona Mwafrika yuko karibu mno na vyumba vyao vya kulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakatenga eneo tupu katikati, wakaliita la afya, kana kwamba sisi ni homa. Watu wakahamishiwa upande wa pili, ndiyo Kamalondo ya leo. Nyuma yake ukaja mtaa wa Kenya, na miaka ya 1950 Katuba na Ruashi. Ukikutwa mjini usiku bila karatasi ya bwana wako, unalala ndani. Uhuru tuliupata 1960, lakini magari ya kutembeza wageni bado hayajaarifiwa. Yanazunguka mji wa wazungu, yanachungulia ng'ambo ya mstari, yanarudi. Na anayeyaendesha si Mbelgiji, ni mtoto wetu wa Katuba ambaye jioni anapanda taxi-bus kurudi nyumbani kwa mama yake, mahali ambapo kutwa nzima amewaambia wageni kwamba "hakuna cha kuona".

Hakuna cha kuona, eti. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akichora historia ya nchi hii, tangu wakoloni hadi Lumumba, picha za kuuzia watu wa kawaida wazitundike sebuleni juu ya kochi. Leo mkusanyo wake mkubwa uko kwenye makumbusho huko Amsterdam. Mzungu analipa kiingilio Uholanzi aone kilichotoka kwenye sebule zetu, na akija Lubumbashi anapelekwa kumtazama mamba.

Na lile bomba la moshi mnalolipenda sana kwenye picha, waliokuwa wakilisha tanuru lake walilala wapi? Walilala kwenye kambi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines. Desemba 1941 waligoma wakidai mshahara, askari wakawafyatulia risasi, na Léonard Mpoyi aliyewasemea akawa miongoni mwa waliokufa. Watoto na wajukuu zao bado mnawakuta, pamoja na wazee wa Gécamines walioachishwa kazi 2003, zaidi ya 10,000, kwa mpango ulioitwa "wa hiari". Muulizeni mmoja wao hiari hiyo ilikuwaje. Tengeni alasiri nzima, na msikatae kiti atakachowapa.

Mimi ningeulizwa nimpeleke wapi mgeni, ningeanzia soko la Kenya (Kenya yetu, Nairobi wasidhani nawasema), tena asubuhi, kabla jua halijachachamaa. Simameni upande wa wauza unga. Mama ana meka yake, kopo la kupimia, anachota unga wa mahindi, anaurundika juu ya ukingo mpaka unasimama kama kilima, halafu kwa kiganja anausawazisha taratibu huku akikutazama usoni. Mnunuzi naye hatazami uso, anatazama kiganja. Kisha:

"Mama, ongezako basela." Yaani nyongeza ya bure.

"Basela gani tena, papa? Hii ni bei ya Zambia, si yangu."

Na kweli si yake. Unga wetu mwingi unapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zambia wakifunga mpaka, au mvua ikiwagomea kule, mfuko wa kilo 25 unapanda hapa, na kila nyumba ya Lubumbashi, ya profesa na ya mchimba migodi, inalijua jambo hilo kabla redio haijalitangaza. Tumekalia shaba na kobalti inayogombewa na dunia nzima, na tunangoja mahindi ya jirani. Mgeni akisimama pale na yule mama kwa nusu saa ataelewa siasa ya Katanga, eneo letu hili la migodi, kuliko akisoma ripoti za wataalamu. Mtu aliyelala Lubumbashi wiki nzima asijue bei ya mfuko wa unga, mimi nitamwambia kwamba amelala hotelini.

Kutoka hapo ningempeleka Katuba kwa miguu, kwenye barabara za vumbi jekundu, kumwonyesha nyumba. Ndiyo, nyumba. Watu wa nje hushangaa vichuguu vya huku kwa ukubwa, maana vingine vinapita paa. Wanavipiga picha njiani kama vitu vya porini, na hawajui kwamba sehemu kubwa ya cité, yaani mitaa yetu hii ya ng'ambo ya mstari, imetoka mle mle. Udongo wa kichuguu unashikana vizuri, unafyatua tofali, unalichoma, unajenga. Kuna viwanja ambavyo kichuguu bado kimebaki nusu nyuma ya nyumba, kimekatwa upande mmoja, watoto wanateleza juu yake na mama amepanda maboga chini. Mwenye nyumba atakuambia chumba kipi kilitoka upande gani. Mimi huo ndio usanifu ninaoujua, na hakuna kijitabu cha utalii kinachoutaja. Vyote vinahangaika na nguzo za majengo ya Wabelgiji.

Najua mtakachosema: usalama. Haya, usiku sitawaambia mzunguke Katuba na simu mkononi, umeme umekatika na hamjui njia. Hata mimi sizunguki. Lakini mchana kweupe? Mjini kati pia simu zinanyakuliwa, tena na vijana waliovaa vizuri. Wengine mtasema ni aibu kuwapeleka watu kutazama umaskini. Hoja hii ina uzito kidogo, nakubali, kwa sababu wapo wanaokuja kuchuchumaa mbele ya mtoto mwenye kamasi na kamera ya bei ya nyumba. Hao wabaki na mamba wao. Ila mnaposema cité ni umaskini tu, mnanitukana mimi, maana ndiko nilikolelewa, nikafundishwa kusoma, nikapigwa fimbo na majirani ambao hawakuhitaji ruhusa ya mama yangu.

Bustani ya wanyama siichukii. Wapelekeni watoto Jumapili.

Shemeji atarudi kutoka Kolwezi Ijumaa. Nimeomba ruhusa kazini na gari silikodi, tutapanda taxi-bus tukibanana kama wote. Nimeshampa sharti moja na nawapa na ninyi mtakaokuja: mkifika sokoni Kenya, nunueni kitu kwanza, hata nyanya za faranga chache, ndipo mtoe simu. Kinachowaudhi akina mama pale ni mtu kupiga picha unga wao halafu kuondoka mikono mitupu. Ukinunua, watakupigisha soga mpaka ukose basi, na usiposhtuka utaondoka umeshachumbiwa mke.